Kitu Ambacho Shimo la Mboji Haliwezi Kula

Mkulima, ukitia majani, mabua ya mahindi na samadi katika shimo la mboji, na ukilinyunyizia maji, baada ya miezi michache utayakuta yamegeuka udongo mweusi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, yaani bakteria na kuvu. Hutoa vimeng'enya vinavyokata chakula vipande vidogo, kisha hukila.

Sasa tia mfuko wa plastiki katika shimo lile lile. Msimu ujao utaufukua ukiwa vile vile. Sababu ni hii: plastiki ni kama mnyororo mrefu ulioungwa imara sana, na vijidudu vingi haviwezi kuukata.

Viko vichache vinavyoweza. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza bakteria anayekula plastiki ya chupa za maji. Hapa Kenya, mwaka 2024, wataalamu wa Icipe, Nairobi, akiwemo Dkt. Fathiya Khamis, walieleza habari za mabuu ya mbawakawa mdogo mweusi. Waliwalisha pumba pamoja na polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kufungia vyombo vya umeme. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi waliimeng'enya asilimia 11.7, wakisaidiwa na bakteria wa tumboni mwao.

Lakini usiwafuge mabuu hao. Mbawakawa huyo huharibu chakula cha kuku na hueneza magonjwa bandani. Wataalamu wanawatafuta bakteria wenyewe, na kazi yao haijafika shambani.

Ng'ombe wako naye ana vijidudu tumboni vya kumeng'enya majani. Akimeza plastiki, vijidudu hivyo haviiwezi. Hujikunja na kuziba tumbo. Ng'ombe huacha kula, hukonda, na huweza kufa. Maziwa na karo ya watoto huenda pamoja naye.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Ukileta mabaki ya mboga kutoka Bondeni, mjini Nakuru, yachambue kabla ya kuyapeleka horini au shimoni.

2. Toa karatasi ya plastiki kwenye mche kabla ya kuupanda.

3. Usichome plastiki, maana moshi wake una sumu.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya inakataza mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Beba kikapu. Plastiki isiyofika shambani haihitaji kijidudu wa kuila.