Tabo ya milioni 8: dizeli inarudisha ngapi?

Chukua shilingi milioni 8. Nimeiweka namba hiyo kuwa gharama ya kufunga tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa, kwenye Land Cruiser ya zamani: vifaa, eksozi mpya na kazi ya fundi pamoja. Aliyepewa makadirio tofauti na gereji yake aweke namba yake, njia ya hesabu itabaki ileile. Anayeuza tabo huahidi mambo mawili kwa pamoja, kwamba gari litakuwa na nguvu zaidi na litakunywa dizeli kidogo. Ahadi ya kwanza ni rahisi kuithibitisha. Ya pili ndiyo inayowafanya wenye magari wakope, na ndiyo inayohitaji kukaguliwa.

Gari ninalolizungumzia ni gari-nyumba, yaani gari ambalo wasafiri hulala, hupika na huhifadhi maji humo au juu yake. Marekani gari la namna hiyo huweza kuwa kubwa kama basi. Arusha, kwa wageni wanaokodi na kujiendesha, mara nyingi ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ambayo wengi huiita mkonga, ikiwa na hema juu ya keria, friji ya umeme wa betri, na madumu ya maji nyuma. Injini yake ya kawaida ni 1HZ: dizeli ya silinda 6, sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo, iliyoingia sokoni mwaka 1990. Nguvu yake ya juu ni kilowati 96, takriban farasi 130. Tuseme gari likipakiwa lina kilo 3,200.

Farasi hao 130 walipimwa katika hewa nzito ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo huvuta hewa kama ilivyo, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda. Usawa wa bahari mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.22 hivi. Arusha, karibu mita 1,400 juu, inabaki kama asilimia 87 ya hiyo. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300, inabaki asilimia 80. Kwa hiyo gari lililotoka Dar es Salaam na farasi 130 linafika pale juu na farasi 104, hata kama fundi alilifanyia matengenezo jana yake. Dereva anayelalamika kwamba gari limechoka anasema kweli, ila chanzo ni mwinuko.

Hasara hiyo inaonekanaje barabarani? Dereva mwenye busara haizungushi 1HZ hadi mwisho. Huiacha karibu mizunguko 2,200 kwa dakika, mahali inapovuta vizuri kuliko pote. Hapo hutoa kilowati 66 usawa wa bahari na 53 ukingoni mwa kreta. Toa asilimia 15 inayopotelea kwenye gia na difu: zinafika kwenye matairi 56 na 45. Katika mlima wa asilimia 8, yaani unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, kilowati 45 zinalisukuma gari letu kilomita 51 kwa saa, na 56 zinalisukuma kilomita 62, gia zikiruhusu. Tabo inayorudisha tu kile ambacho mwinuko ulichukua itaokoa dakika 2 katika kila kilomita 10 za mlima wa namna hiyo. Ukiongeza nguvu juu ya hapo utaokoa zaidi kidogo, lakini kona za Ngorongoro hazitakuruhusu kuitumia yote. Faida halisi ya dereva ni kubadilisha gia mara chache na kulipita lori bila kubahatisha. Ni faida ya kweli. Haimo kwenye risiti ya dizeli.

Sasa risiti yenyewe. Tuchukue lita moja ya dizeli kwa shilingi 3,000. Mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo kila mwezi na namba hupanda na kushuka. Hii ni ya kurahisisha hesabu. Gari la kampuni linalotembea kilomita 40,000 kwa mwaka, likinywa lita 14 kwa kilomita 100, linatumia lita 5,600, sawa na shilingi milioni 16.8. Tabo ikiokoa asilimia 10, hiyo ni 1,680,000 kwa mwaka, na milioni 8 zinarudi baada ya karibu miaka 5. Ikiokoa asilimia 5, inahitajika miaka 9 na nusu. Mtu binafsi anayetembeza gari-nyumba lake kilomita 8,000 kwa mwaka hutumia dizeli ya shilingi 3,360,000 tu. Asilimia 10 yake ni 336,000, na tabo itamrudishia pesa baada ya miaka 24.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba pesa ilikuwepo mfukoni. Wengi hukopa. Milioni 8 kwa riba ya asilimia 15 huzaa riba ya 1,200,000 katika mwaka wa kwanza. Gari la kampuni likiokoa asilimia 10, linabaki na 480,000 za kupunguza deni, na kwa mwendo huo deni linaisha baada ya miaka 9. Likiokoa asilimia 5, akiba yote ni 840,000. Haitoshi hata riba, na deni halitaisha kamwe kwa pesa ya dizeli peke yake. Tofauti kati ya uwekezaji na mzigo hapa ni asilimia 5, na hakuna gereji inayoiandika kwenye mkataba.

Je, asilimia 10 yenyewe ina msingi gani? Mlima hauna punguzo. Kupandisha kilo 3,200 kutoka Mto wa Mbu, karibu mita 1,000, hadi ukingo wa kreta ni kuzinyanyua mita 1,300, na kazi hiyo peke yake hula kama lita 4.5, shilingi 13,600, ukichukulia kwamba robo ya nishati ya dizeli ndiyo inayofika kwenye matairi. Tabo haipunguzi urefu wa mlima. Inachoweza kufanya ni kuboresha ile robo. Inaweza kweli pale ambapo injini inakosa hewa na kutoa moshi mweusi, kwa sababu moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia na haikuungua. Barabarani tambarare, mguu ukiwa mwepesi, 1HZ ina hewa ya kutosha tayari, na tabo haina kikubwa cha kuongeza. Kisha kuna tabia: dereva aliyepewa nguvu huitumia, na nguvu iliyotumika hulipiwa.

Toyota wenyewe walitoa jibu la kihandisi zamani. 1HZ huchoma dizeli katika chumba kidogo cha awali kabla moto haujafika kwenye pistoni, na muundo huo kwa kawaida hutumia mafuta asilimia 10 hadi 15 zaidi ya ule unaonyunyizia dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Walipotaka injini ya ukubwa uleule yenye tabo, ile ya 1HD-T, hawakuishia kufunga tabo. Walibadilisha namna ya kunyunyizia dizeli na kushusha mgandamizo kutoka zaidi ya 22 kwa 1 hadi chini ya 19 kwa 1. Tabo ya gereji huongezwa juu ya mgandamizo ule wa 22, na joto hupanda. Ndiyo maana kipimo cha joto la eksozi hakipaswi kuwa cha hiari. Asiyekifunga anaweka injini nzima rehani.

Tulinganishe sasa na kitu kisichouzwa dukani. Kwenye lami tambarare gari letu hupambana na mambo mawili: ukinzani wa matairi, ambao hubadilika kidogo tu kwa kasi, na upepo, ambao hukua kwa mraba wa kasi. Kwa umbo kama sanduku, nimepata nyutoni 408 za matairi; upepo ni nyutoni 652 ukienda kilomita 80 kwa saa na 1,018 ukienda 100. Jumla ni 1,060 dhidi ya 1,426. Kwa hesabu ya karatasi, kushuka kutoka 100 hadi 80 kunapunguza kazi kwa asilimia 26. Kwa kuwa injini isiyobanwa hupoteza ufanisi kidogo, nitakubali 20 tu.

Asilimia 20 ni mara mbili ya ahadi nzuri kabisa ya tabo, na haina gharama ya kuingilia. Gharama yake ni muda. Dar es Salaam hadi Arusha ni takriban kilomita 640. Kwa kilomita 100 kwa saa gari lingekunywa kama lita 102, zaidi ya ule wastani wa 14 kwa kilomita 100 kwa sababu ya kasi. Punguza moja ya tano na unabaki na lita 20 tangini, shilingi 61,000, kwa saa 1 na dakika 36 zaidi njiani. Lakini hakuna anayeweza kwenda 100 safari nzima, kuna vijiji vya 50, malori na mizani. Tuseme nusu ya njia ndiyo inayoruhusu: akiba ni kama shilingi 30,000, na muda ni dakika 48. Kila mmoja anaijua thamani ya dakika 48 zake.

Hema la juu likiongeza upinzani wa upepo kwa asilimia 10, matumizi kwa kasi ya 100 hupanda kwa asilimia 7, karibu lita 1.1 kwa kila kilomita 100. Gari linalotembea kilomita 5,000 kwa mwaka bila wageni, hema likiwa bado juu, linapoteza shilingi 170,000 ambazo funguo za bolti na watu wawili wangeziokoa. Uzito, kinyume na watu wengi wanavyodhani, ni jambo dogo kwenye lami: kilo 100, ambazo ni lita 100 za maji, hugharimu lita 0.14 kwa kilomita 100, shilingi 425. Kwenye vumbi na changarawe namba hiyo inaweza kuwa maradufu, na bado ni ndogo.

Upepo wa matairi unastahili kutajwa kwa sababu ni wa bure. Vipimo vya serikali ya Marekani, vilivyofanywa kwa magari ya petroli, vinaonyesha hasara ya asilimia 0.2 kwa kila psi inayopungua katika matairi yote. Aliyeshusha kutoka 40 hadi 25 ili atoke kwenye mchanga alifanya vyema. Akisahau kurudisha, anapoteza asilimia 3, na kwa gari la kampuni hiyo ni shilingi 504,000 kwa mwaka.

Matairi pia yanaweza kudanganya. Tairi la 235/85R16 lina kipenyo cha milimita 806. La 265/70R16 lina 777. Ukihama kutoka la kwanza kwenda la pili bila kurekebisha mita, mita itahesabu kilomita nyingi kuliko zilizotembewa, na lita 14 kwa kilomita 100 zitasomeka 13.5. Ni punguzo la asilimia 3.6 ambalo halipo. Kwa gari la kampuni litaonekana kama akiba ya shilingi 600,000 kwa mwaka, huku tangi likimeza dizeli ileile. Kila anayesimulia kwamba alibadilisha matairi na tabo wiki moja aulizwe kwanza aliipimaje njia.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini na vifaa vya kuzungusha hewa, shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya 100 vya aina hiyo bila kupata hata kimoja kinachopunguza matumizi ya mafuta kwa kiwango cha maana.

Anayefanya safari za milimani kila wiki, mwenye fedha taslimu na kipimo cha joto la eksozi, anunue tabo kwa ajili ya mlima, na aiandike kwenye daftari kama gharama ya nguvu. Anayetafuta dizeli abaki na milioni 8 zake. Na kabla ya kumlipa fundi yeyote, jaza tangi hadi shingoni kwenye pampu ileile mara tatu, pima njia kwa GPS badala ya mita ya gari, andika lita na kilomita; kisha rudia baada ya kazi, kwa njia ileile na mzigo uleule. Akiba isiyoonekana katika matangi hayo sita haipo.