Unachopaka na Unachokula Vinaingia Mwilini

Ndugu musomaji, nataka kukuambia habari ya mama mumoja aliyelala katika chumba chetu cha wazazi. Labda ukiisha kusoma, utaangalia tena sabuni iliyo katika nyumba yako.

Mama huyu alifika usiku juu ya pikipiki, akishikwa na mama mukwe wake. Mutoto alishindwa kupita, basi munganga alimupasua, na kwa neema ya Mungu mutoto alilia. Tulifurahi sana. Siku ya saba nilitoa nyuzi za kidonda. Pale nyuzi zilipotoka, ngozi ilifunguka. Haikuwa na nguvu. Ilikuwa nyepesi kama karatasi iliyolowana. Tulisafisha kidonda na kukifunga, na siku ya pili kilifunguka tena.

Nilimuuliza kwa upole, “Mama, unapaka nini?” Alinyamaza. Niliona kama uso wake ulikuwa mweupe, lakini viungo vya vidole vyake vilikuwa vyeusi sana, na masikio pia. Hiyo ni alama tunayoijua. Kisha mama mukwe alijibu kwa sauti ndogo, “Baba munganga, ni mimi niliyemununulia. Mwana wangu alikuwa anaoa. Nilitaka bibi-arusi wake apendeze mbele ya kanisa.” Alitoa katika kikapu sabuni moja na tubu mbili ndogo. Kwa miaka mitatu binti yule alipaka mwili muzima, asubuhi na magaribi.

Usimucheke mama huyu, wala usimuhukumu mama mukwe. Alitafuta mema. Lakini hakujua kilichomo ndani ya tubu.

NGOZI SI UKUTA

Watu wengi wanazani kama ngozi ni sawa na ukuta wa nyumba: unapaka chokaa inje, na ndani hakuna kinachobadilika. Sivyo. Chini ya ngozi damu inapita, na vitu vingine vinavyopakwa juu vinaweza kufika katika damu ile. Wanganga wenyewe wanatumia njia hii: kuna dawa zinazobandikwa juu ya ngozi ili ziingie mwilini pole pole. Kama dawa nzuri inapita, sumu nayo inaweza kupita. Kile unachokula kinaingia kwa njia ya tumbo, na kile unachopaka kinaweza kuingia kwa njia ya ngozi. Njia ni mbili, lakini damu ni moja.

Tena, rangi nyeusi ya ngozi si uchafu wa kuoshwa. Ni kivuli ambacho Muumba alitupa juu ya jua kali. Waangalie ndugu zetu waliozaliwa bila rangi hiyo, wale tunaowaita alubino. Jua linawaunguza upesi, na wengi wanapata kansa ya ngozi wakingali vijana. Wao hawakuchagua, nasi tunapaswa kuwasaidia kwa kofia na nguo ndefu. Lakini wewe uliyepewa kivuli, kwa nini unalipa feza ili kukivunja?

SUMU TATU

Mafuta na sabuni za kung’arisha ngozi zina mara nyingi moja ya sumu hizi, na nyingine zina zaidi ya moja.

Ya kwanza ni zebaki. Inaharibu figo, inasumbua mishipa ya fahamu, na inaweza kumufikia mutoto aliye ndani ya tumbo. Mvuke wake unabaki katika nyumba na katika kitambaa cha kujipangusa, na watoto wanaovuta pumzi humo wanaweza kuumia, hata kama hawakupaka kitu. Mataifa mengi yalipatana juu ya zebaki katika Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013. Minamata ni muji wa Japani ambapo ugonjwa wa sumu hiyo ulitambulika mwaka 1956, katika watu waliokula samaki wa bahari iliyochafuliwa na kiwanda. Mwaka 2023 mataifa hayo yalikubaliana kama mafuta yote ya urembo yaliyotiwa zebaki yakomeshwe kufika mwaka 2025. Lakini sokoni ungali unaweza kuyakuta.

Ya pili ni hidrokinoni. Mwanzo ngozi inang’aa, na mutu anafurahi. Akiendelea muda murefu, madoa meusi yenye rangi ya bluu yanaweza kutokea usoni, na hayatoki kwa urahisi. Wanganga wa Afrika ya Kusini waliandika habari ya madoa haya mwaka 1975. Na ubaya wake ni huu: mutu akiona madoa, anapaka zaidi ili kuyaondoa, na madoa yanazidi.

Ya tatu ni dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli. Munganga anaweza kuitoa kwa ugonjwa fulani wa ngozi, mahali padogo, kwa siku chache. Lakini ukiipaka mwili muzima kwa miaka, ngozi inakuwa nyembamba, inapasuka mistari, na vidonda vinakawia kupona. Sukari ya damu na pombo la damu vinaweza kupanda. Ni hii tuliyoikuta katika kikapu cha mama yule.

Angalia maandiko ya karatasi kabla ya kununua. Ukisoma mercure, calomel, hydroquinone, clobétasol au bétaméthasone, rudisha. Ikiandikwa kama usiguse pete ya zahabu au ya feza na mafuta yale, rudisha vilevile, kwa sababu zebaki inashika zahabu na kuiharibu. Na kama hakuna maandiko hata moja, au muuzaji amechanganya mwenyewe katika chupa, usinunue.

KAMA UNAPAKA SASA

Usione haya, uje. Kama umepaka mwili muzima kwa miezi au miaka, usikate mara moja peke yako. Dawa ya steroidi ikiachwa kwa gafula, mwili unaweza kupungukiwa nguvu. Mutu anatapika, hata anazimia. Beba sabuni na tubu zako zote hospitalini, na utaonyeshwa namna ya kupunguza pole pole. Usizitupe katika muto wala katika kisima. Kama wewe ni mwenye mimba, au unanyonyesha, usingoje mwezi mwingine.

Na nini ya kupaka? Ngozi nzima haihitaji mambo mengi. Oga kwa maji safi na sabuni ya kawaida isiyo kali. Kabla mwili haujakauka kabisa, paka mafuta kidogo yasiyo na manukato: vazelini, au mafuta meupe yanayotoka katika kokwa za ngazi, kama yametengenezwa kwa usafi. Jua likiwa kali, vaa kofia. Ni hayo tu.

NGOZI INAJENGWA KUTOKA NDANI

Siku moja, nikifunga kidonda, tulihesabu pamoja na mama mukwe feza ya sabuni na tubu za mwezi mumoja. Alishangaa. Kwa feza ile angeweza kununua maharagi, karanga na samaki kavu, na ni vyakula hivi vinavyojenga nyama mupya ya kidonda. Mafuta hayawezi kufanya kazi ya maharagi.

Mawese yetu mekundu ni zawadi kubwa. Ule wekundu ni kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ambayo inalinda macho na ngozi. Mutoto asiyeipata anaweza kushindwa kuona vizuri magaribi, na mwisho kuwa kipofu. Basi, usiunguze mawese juu ya moto mpaka yawe meupe, kwa kuwa unaunguza uzuri wake. Tia kwa kipimo katika mboga. Si lazima sahani iogelee. Kula pia lengalenga, sombe, papai na mayai.

Watu wananiuliza, “Mboga iliyolimwa bila dawa ya wadudu inapita nyingine?” Najibu hivi: kwa nguvu ya chakula, tofauti ni ndogo. Lengalenga ya sokoni ina vitamini pia, na ni bora kuila kuliko kukosa mboga. Faida kubwa ya shamba lisilo na sumu ni kwamba sumu haifiki katika chungu, wala katika mikono na pumzi ya yule anayelima. Weka majani yaliyooza na mavi ya mbuzi yaliyokaa muda murefu. Ondoa wadudu kwa mukono asubuhi. Osha mboga kwa maji mengi. Na chupa iliyokuwa na dawa ya shamba usiitie mawese wala maji ya kunywa, hata uioshe mara kumi.

Usile mbegu zilizopakwa dawa kwa ajili ya kupanda. Katika nchi ya Iraki, mwaka 1971 na 1972, mbegu za ngano zilizopakwa dawa ya zebaki zilitolewa kwa wakulima. Wengine walizisaga na kufanya mukate. Watu zaidi ya 6000 waliingia hospitali, na zaidi ya 450 walikufa humo. Aina ile ya zebaki si sawa kabisa na ile ya sabuni, lakini fundisho ni moja: macho hayatoshi kutambua sumu.

KITU CHA SHAMBA KINAHITAJI AKILI VILEVILE

Usiseme, “Kimetoka katika udongo, basi hakiwezi kuumiza.” Muhogo muchungu umetoka katika udongo, na ndani yake kuna sumu. Mwaka 1938 munganga Trolli aliandika habari ya ugonjwa wa konzo aliouona Kwango, katika Kongo yetu. Miguu inakazwa kwa gafula, na haiponi. Unawapata zaidi watu wanaokula muhogo muchungu usiolowekwa vizuri, na wasiopata chakula kingine cha kujenga mwili. Basi, loweka siku tatu, usipunguze kwa sababu ya haraka ya soko. Nao wanawake wa upande wa Popokabaka walifundishwa tangu mwaka 2010 kulowanisha unga, kuutandaza mwembamba juani kwa saa mbili, halafu kuupika siku ileile. Sombe nayo, twanga sana na kupika sana.

Ndimu pia ni tunda zuri, lakini ukipaka maji yake juu ya ngozi na kutoka juani, unaweza kupata malengelenge kama ya moto. Mutu akiungua, mumwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usitie mawese wala majani. Na kitovu cha mutoto usikipake kinyesi, udongo wala mafuta.

MWISHO WA HABARI

Mama yule alikaa kwetu wiki nyingi. Kidonda kilipona pole pole, kutoka chini kwenda juu. Lakini wakati wa kupanda maharagi ulipita akiwa kitandani, na kuku wa nyumba waliuzwa ili kulipa. Siku ya kwenda nyumbani, mama mukwe aliniachia sabuni na tubu zile juu ya meza. Aliniambia, “Baba, nina binti mwingine ataolewa mwaka ujao.” Nilimuuliza, “Utamununulia nini?” Alijibu, “Kitambaa, na sufuria.”

Sasa wewe, ndugu musomaji. Magaribi ya leo, kabla ya kuoga, twaa sabuni yako na mafuta yako. Soma maandiko yake karibu na taa. Kama hujui kusoma, umwite mutoto wa shule akusomee. Ukikuta jina moja la yale niliyoyaandika, yafunge katika mufuko, na kesho uje nayo kwetu.