Mashua ya Mfano na Maji Yaliyokataa Kuruka

Katika likizo iliyopita vijana watatu wa madrasa yetu walijiundia mashua ya mfano ya kuzimia moto. Urefu wake ni futi 2, nayo huendeshwa kwa mota ndogo izungushayo rafadha. Kielelezo chao kilikuwa picha ya Massey Shaw, mashua ya zimamoto ya London iliyojengwa mwaka 1935, ambayo mwaka 1940 ilivuka bahari kwenda kuwaokoa askari waliokwama Dunkirk.

Ili mashua yao irushe maji, walipata pampu ya gari, ile inyunyiziayo maji kioo cha mbele. Wakaifunga juu ya sitaha, na mpira wake wakauteremsha majini. Walipoiwasha, pampu ikavuma, lakini halikutoka hata tone moja. Mara wakubwa wawili wakamgeukia mdogo wao aliyetumwa betri, wakamlaumu kuwa kanunua mbovu. Mtoto akainama, machozi yakimlenga. Nasi twakiri kuwa tulikuwa karibu kuafikiana nao.

Kabla ya kuhukumu, tukawauliza: Je, katika gari pampu hii hukaa wapi? Wakajibu: Chini kabisa ya chupa ya maji. Hapo sababu ikadhihirika. Ndani ya pampu mna kigurudumu chenye mapanga, nacho kizungukapo huyasukuma maji nje kwa nguvu. Lakini kikizunguka katika hewa tupu, hakiwezi kuyapandisha maji kutoka chini. Sharti maji yaifikie pampu kwanza.

Basi wakaishusha pampu tumboni mwa mashua, chini ya usawa wa maji ya nje. Wakatoboa tundu ubavuni, chini vilevile, wakapitisha kibomba na kukizungushia gundi isiyopenya maji. Mdomoni mwake wakaweka kipande cha wavu kuzuia takataka. Hivyo maji huingia yenyewe, wala mashua haihitaji kubeba tangi. Massey Shaw nayo iliyavuta maji yake mtoni.

Mwisho wa mpira wakatia ncha ya ganda la kalamu, kwani tundu jembamba huyapeleka maji mbali. Ila likizidi wembamba, maji huwa haba. Betri wakaiweka chini, katikati, ili chombo kisilale upande, na nyaya wakazitenga na maji. Tukawaonya pia wasiizungushe pampu kavu, isije ikaharibika.

Walipoiwasha tena, maji yaliruka hadi ng'ambo ya hodhi. Na betri zilikuwa zile zile! Wale wakubwa wakamwomba radhi mdogo wao mbele ya wenzao, naye akapewa heshima ya kuiendesha mashua siku hiyo.

Enyi wazazi, waachieni vijana wenu kazi za mikono kama hizi. Na chombo kikikataa kwenda, wafundisheni kutafuta sababu kabla ya kumtafuta mkosa.