Kopo la Maziwa Hudumu Siku Ngapi?

Wapo watoto wanaoletwa kliniki siku ya kupima uzito ambao mama zao hushangaa kuambiwa kwamba hawakui. Mtoto anakunywa chupa tano au sita kwa siku, anamaliza na kulala. Tumbo limejaa. Lakini ukitazama kadi yake, mstari wa uzito umelala kwa miezi miwili, au umeanza kushuka. Tukiuliza kwa upole kopo hununuliwa lini, jibu mara nyingi huwa hili: "Mara mbili kwa mwezi, nesi." Hapo ndipo tunapolijua tatizo. Mtoto huyu hakunyimwa chupa. Ameshibishwa maji meupe.

Sisi wauguzi hatuandiki haya ili kumlaumu mama yeyote. Hakuna mama anayeongeza maji kwenye maziwa ya mwanawe kwa kupenda. Anafanya hivyo kwa sababu mshahara haujatoka, kopo limebaki robo, na mtoto analia. Tunaandika kwa kuwa madhara ya jambo hili huja polepole, bila kelele, na mengi yanaweza kuzuiwa.

Hesabu ambayo wengi hawaifanyi

Mtoto mchanga anayelelewa kwa maziwa ya kopo peke yake huhitaji takriban mililita 150 za maziwa kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 5, yaani wa miezi miwili hadi mitatu hivi, huhitaji mililita 750 kwa siku. Kutengeneza kiasi hicho huchukua karibu gramu 100 za unga. Basi kopo la gramu 400 litakwisha kwa siku nne. Kwa mwezi ni makopo saba au manane.

Sasa tazama nyumba inayonunua makopo mawili kwa mwezi. Mtoto huyo anapata zaidi kidogo tu ya robo ya chakula anachohitaji. Anakunywa maji mengi, chumvi ya mwili wake inapungua, anakuwa mlegevu, na pengine hupatwa na degedege. Utapiamlo huingia, na ugonjwa mdogo ambao mtoto mwingine angeushinda, yeye humlaza kitandani.

Kwa hiyo, mama msomaji, kabla ya kununua kopo la kwanza, keti na baba wa mtoto mfanye hesabu hiyo pamoja. Zidisheni bei ya kopo kwa nane, kisha muongeze mkaa au mafuta ya taa ya kuchemshia maji. Kama fedha hiyo haipo kila mwezi, ni afadhali kujua sasa, wakati maziwa yako bado yanatoka, kuliko kujua baada ya miezi miwili yakiwa yamekauka.

Maji na chupa

Hatari ya pili ni uchafu, na hii haiondoki hata kama kopo limetolewa bure. Nchini Botswana serikali ilikuwa ikiwapa bure maziwa ya kopo akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa nia njema ya kuwakinga watoto wao. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 mvua kubwa zilinyesha, maji yakachafuka, na ugonjwa wa kuharisha ukazuka. Watoto mamia kadhaa walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua sana walikuwa hasa wale wasionyonya.

Tangu wakati huo ushauri umebadilika. Mama mwenye virusi anayetumia dawa zake za ARV kila siku bila kukosa hushauriwa kumnyonyesha mtoto wake maziwa ya mama tu kwa miezi sita, kisha kuendelea kunyonyesha huku akimpa vyakula vingine. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna hiyo mwaka 2010, na mwaka 2016 likaeleza kwamba anaweza kuendelea hadi mtoto afikishe miaka miwili au zaidi, mradi anasaidiwa kufuata dawa zake. Ikiwa bado unaogopa kunyonyesha kwa sababu ya mambo uliyoyasikia zamani, nenda kliniki ukaulize upya.

Nani hasa anahitaji kopo?

Wengi wanaoanza kopo hawalihitaji. Mama anasema maziwa hayatoshi kwa sababu mtoto analia sana jioni, au jirani kamwambia maziwa yake ni mepesi. Dawa ya maziwa machache ni kumnyonyesha mtoto mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na kumweka vizuri kwenye titi. Kila chupa unayompa inapunguza hamu yake ya kunyonya, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza.

Mwingine anarudi kazini. Huyu anaweza kukamua maziwa kwa mikono safi, akayaacha katika chombo safi chenye mfuniko, mahali penye ubaridi. Nje ya jokofu yatumiwe kabla ya saa nne kupita, na kwenye joto kali mapema zaidi. Kwa walioajiriwa hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kwenda kumnyonyesha mtoto. Wengi hawaijui haki hiyo, na wengine wanaona haya kuidai.

Tena usishawishiwe na matangazo. Mwaka 1981 mataifa yalipitisha kanuni za kuzuia maziwa haya yasitangazwe kwa wananchi wala kugawiwa bure kwa akina mama kama sampuli, na Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994. Mtu akikupa kopo la kuonja, kumbuka kwamba la pili utalinunua mwenyewe.

Lakini wapo wanaolihitaji kweli. Yupo bibi anayelea kichanga ambaye mama yake amefariki. Yupo mama mgonjwa sana, au anayetumia dawa ambazo mtaalamu amemkataza kunyonyesha nazo. Hawa wasionewe, wala wasitazamwe kwa jicho la pembeni kliniki. Wanastahili kufundishwa vizuri.

Kama ni lazima, fanya hivi

1. Tumia kikombe kidogo kisicho na kona badala ya chupa. Chupa na chuchu yake ya mpira hushika mabaki ambayo ni vigumu kuyatoa. Hata mtoto mchanga anaweza kunywa kwa kikombe akiwa ameketishwa mapajani. Usimmiminie, gusisha ukingo wa kikombe mdomoni, avute mwenyewe.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni, kisha vichemshe.

3. Chemsha maji mpaka yatokote, uyaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa. Unga wa kopo wenyewe unaweza kuwa na vijidudu, na maji yaliyo bado moto sana, nyuzi 70 au zaidi, huviua. Ukishakoroga, poza kikombe kwenye maji baridi, na ujaribu tone moja mkononi kabla ya kumpa mtoto.

4. Tanguliza maji, kisha unga. Tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo hilo hilo, ukisawazishe kwa kisu safi, na ufuate idadi iliyoandikwa. Usipunguze ili lidumu, wala usizidishe ukidhani atanenepa upesi. Maziwa mazito mno hukausha maji mwilini na kuumiza figo.

5. Tengeneza ya mlo mmoja tu. Yaliyopita saa mbili yamwagwe. Tunajua inauma kumwaga, lakini usiyaweke kwenye chupa ya chai kwa ajili ya usiku. Weka humo maji ya moto peke yake.

Fedha zikikatika, usikimbilie maziwa mazito ya sukari, chai ya rangi, wala uji mwepesi. Tangu mwaka 1939 daktari Cicely Williams, akiwa Singapore, alipaza sauti kuhusu watoto waliokuwa wakifa kwa kupewa maziwa ya sukari ya kopo. Hata leo hayawafai. Maziwa ya unga ya kawaida, yale ya kutia kwenye chai, nayo si chakula cha kichanga. Maziwa ya ng'ombe hayamtoshelezi aliye chini ya miezi sita, kwani yana chumvi nyingi na madini ya chuma machache. Nenda kliniki kabla kopo halijaisha. Ikiwa uliacha kunyonyesha majuma machache yaliyopita, uliza pia namna ya kurudisha maziwa. Kwa wengi inawezekana, mtoto akiwekwa titini mara kwa mara na mama akisaidiwa.

Akifikisha miezi sita mzigo hupungua. Maziwa ya wanyama yaliyochemshwa, yasiyoondolewa mafuta, yanaweza kuchukua nafasi ya kopo, mradi apate pia uji mzito, dagaa waliosagwa, yai, maharage, mboga na matunda.

Wakati wa kukimbia hospitali

Mtoto akiharisha, usimwachishe maziwa. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na upate vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya. Mpeleke mara moja ikiwa hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yamedidimia, kinyesi kina damu, amepatwa na degedege, au amelegea. Aliye chini ya miezi miwili mpeleke hata kama anaharisha kidogo.

Mchango wetu sisi wanawake

Kichanga kinapofiwa na mama, usharika hujaa siku ya mazishi. Huja kanga, mchele na rambirambi. Baada ya majuma mawili bibi hubaki peke yake na kopo linaloelekea kwisha. Hapo ndipo umoja wetu unapotakiwa. Wanawake kumi wakigawana makopo manane, kila mmoja hatoi hata kopo zima kwa mwezi, na kazi hiyo ina mwisho: ni miezi sita tu. Mmoja ampelekee mkaa, na mwingine afuatane naye siku ya kliniki.

Na mwenye zamu ya kumtembelea asiulize tu, "Mtoto hajambo?" Aombe kuliona kopo, ahesabu siku tangu lilipofunguliwa. Kama mtoto ni wa kilo 5 na siku zimefika saba huku unga bado upo, basi aketi na bibi, ampe kijiko mkononi, wapime pamoja upya.