Ukibaki peke yako nyumbani, usiule mtaji wako

WAFANYABIASHARA wa mipakani ni hodari wa kupiga hesabu upya. Bei ya mahindi ikipanda Busia au shilingi ikiyumba Namanga, mpango wa safari hubadilishwa siku hiyo hiyo. Lakini ndoa ya miaka 20 au 30 inapokwisha, kwa talaka au kwa kifo, wengi huendelea na hesabu ile ile ya nyumbani. Anayeumia ni mtaji.

Jikoni ndiko mambo huanza. Mkono uliozoea kupima unga wa watu wengi haubadiliki kwa siku moja. Ugali unabaki, asubuhi wanamwagiwa kuku. Wengine huacha kupika kabisa kwa kuona hakuna wa kumpikia: chai na chapati stendi asubuhi, chipsi jioni. Njia zote mbili hutafuna fedha ya mzigo.

Dawa yake ni ndogo. Weka kando sufuria kubwa ya wageni, nunua ya kukutosha. Gunia la mahindi au ndoo ya viazi gawana na jirani. Maharage chemsha mara moja, unga kidogo kidogo kama una friji. Kama huna, dagaa na mboga za majani huiva upesi na huchukua moto mdogo. Mtungi wa gesi wa kilo 6 humtosha mpishi wa mtu mmoja, na ni rahisi kuubeba kwenda kuubadilisha.

Kwa wanaume tatizo huwa lingine. Mtu anajua bei ya kreti ya nyanya Taveta, lakini hajui ni nyanya ngapi zinazoingia kwenye mchuzi wa chakula kimoja. Kujifunza ukubwani si aibu. Aibu ni kuuza kwa faida mchana kisha kuimaliza hotelini usiku.

Kazi zilizokuwa za mwenzako

Kila ndoa ya muda mrefu ina mgawanyo wa kazi ambao haukuandikwa popote. Mmoja alinunua umeme, mwingine alikumbuka kodi, ada na bili ya maji. Ziandike zote kwenye daftari. Kisha angalia majina: mita ya umeme, laini ya simu yenye fedha, mkataba wa fremu na leseni ya biashara vimeandikishwa kwa jina la nani? Kama ni la aliyeondoka, shughulikia mabadiliko mapema, kabla hayajazuka mabishano.

Na safari je? Zamani mmoja alivuka mpaka, mwingine akabaki na nyumba. Sasa nyumba inabaki tupu. Chagua jirani mmoja wa kuaminika, mwachie ufunguo na umwambie siku ya kurudi. Soko zima halihitaji kujua kwamba haupo.

Kama mwenzako ndiye aliyeshika karatasi za forodha, jifunze mwenyewe. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani.

Mikoba miwili

Hatari kubwa ni mkoba mmoja. Pale mshahara wa mwenzako ulipolisha nyumba, faida yako ilirudi kwenye mzigo. Sasa vyote vinatoka sehemu moja. Jilipe posho ya wiki, iweke kwenye laini tofauti ya simu, na ikiisha usiguse ya biashara.

Mjane Mwislamu asiye mjamzito hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Kwa muuza nafaka huo unaweza kuwa msimu mzima. Ni vyema ajulikane mapema ndugu au mwenzake wa kikundi atakayesimamia mzigo, kwa hesabu ya maandishi.

Anayeachika naye asiondoke mikono mitupu kwa kudhani hana haki. Tanzania, Mahakama ya Rufani ilikubali mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kenya, sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kuwa mchango kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata usimamizi wa biashara ya familia. Hivyo, tunza risiti na madaftari ya mauzo. Ndiyo yatakayosema mbele ya hakimu.

Linabaki lile lisilo na risiti: jioni. Nyumba iko kimya, na kishawishi ni kulala na njaa au kukaa stendi hadi usiku. Panga siku moja ya wiki ule na watoto, ndugu au wenzako wa kikundi, kila mtu aje na chake. Siku nyingine, pika kidogo, keti mezani, ule.