Chai ya Mponde na hesabu ya ratili na kilo: kosa hujificha kwenye ujazo

Na Mwandishi Wetu

CHAI ni bidhaa nyepesi yenye kujaza nafasi. Gunia la chai iliyosindikwa na gunia la saruji huweza kuwa na uzito mmoja, lakini la chai litakuwa kubwa mara kadhaa. Katika milima ya Usambara, ambako wakulima wa Mponde walishuhudia kiwanda chao kikifungwa mwaka 2013 kutokana na mgogoro na kukaa kimya kwa miaka mingi, kila senti inayopotea njiani ina mwenyewe. Na njia ya chai ni ndefu, kwani sehemu kubwa ya chai ya Afrika Mashariki huuzwa katika mnada wa Mombasa, kwa dola kwa kilo.

Mnunuzi hulipa kwa kilo, lakini kontena hujaa kwa ujazo. Kinachounganisha mambo hayo mawili ni densiti, yaani uzito wa kitu katika kila kipimo kimoja cha ujazo. Nchini hupimwa kwa kilo kwa meta ya ujazo. Vitabu vya Kiingereza vya enzi za masanduku ya mbao, pamoja na baadhi ya wafanyabiashara wa Marekani hadi leo, huitaja kwa ratili kwa futi ya ujazo.

Wengi hujikwaa hapo. Ratili moja ni kilo 0.4536, na mtu akishazidisha kwa tarakimu hiyo hudhani kazi imekwisha. La hasha! Densiti ina vipimo viwili, cha uzito juu na cha ujazo chini, na vyote viwili sharti vibadilishwe. Futi moja ni meta 0.3048, lakini futi ya ujazo ni tarakimu hiyo ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu, yaani meta za ujazo 0.0283. Ukigawa 0.4536 kwa 0.0283 unapata takriban 16.02. Hiyo ndiyo namba ya kukariri: ratili moja kwa futi ya ujazo ni kilo 16.02 kwa meta ya ujazo.

Tuchukue mfano wa chai yenye ratili 22 kwa futi ya ujazo. Zidisha kwa 16.02, utapata kilo 352 kwa meta ya ujazo. Kontena la futi 20 lina nafasi ya takriban meta za ujazo 33, hivyo kwa hesabu ya karatasini, bila kutoa mianya kati ya magunia, litabeba tani 11.6. Aliyebadilisha ratili peke yake atapata kilo 10 kwa meta ya ujazo, na kontena zima litaonekana kubeba kilo 330! Kosa kubwa namna hiyo hujifichua lenyewe.

Chai ikiwa ya majani makubwa zaidi, tuseme ratili 18, densiti hushuka hadi kilo 288 na kontena lile lile hubeba tani 9.5. Nauli ni ile ile, mzigo umepungua tani mbili.

Kosa la hatari ni lile lisiloonekana. Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 angani. Kipimo cha mafuta kilikuwa kibovu, hivyo mafuta yalihesabiwa kwa mkono. Walizidisha lita kwa 1.77 wakidhani wanapata kilo, kumbe 1.77 ni ratili kwa lita. Kwa kilo ilipaswa kuwa takriban 0.80. Ndege iliondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji. Rubani aliitelezesha bila injini hadi Gimli, na hakuna aliyekufa.

Galoni nayo ina mtego wake. Ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785. Ratili kwa galoni ya kwanza huzidishwa kwa 99.8 kupata kilo kwa meta ya ujazo, ya pili kwa 119.8. Anayezichanganya hukosea kwa takriban asilimia 20, tofauti isiyoshtua jicho.

Galoni ya Kiingereza, kwa kweli, haijatuacha. Debe la mafuta ya taa lilikuwa galoni nne, yaani lita 18.2, na bado mazao mengi hupimwa kwa debe. Anayenunua kwa debe ananunua ujazo, anayenunua kwa kilo ananunua uzito. Mkulima wa Lushoto anayeuza viazi au karoti kwa gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza, huongeza ujazo juu ya mdomo wa gunia kwa bei ile ile. Akitaka kujua anachopoteza, ajaze ndoo ya lita 20 hadi usawa wa mdomo, aipime kwenye mizani, atoe uzito wa ndoo, kisha azidishe kwa 50. Hizo ndizo kilo za zao lake kwa meta ya ujazo, na kilima cha lumbesa nacho kitahesabika kwa kilo.