Mawimbi Yanapovuja Katika Waya wa Dishi: Jinsi ya Kutambua na Kuzuia

Picha ya televisheni inapoganda, kaya nyingi hulaumu king'amuzi, na wengine hununua kipya. Mara nyingi kasoro imo katika waya wenyewe: mawimbi yanavuja. Mwananchi wa Laela au wa kijiji chochote katika wilaya yetu anaweza kulibaini jambo hili kabla ya kutoa fedha yake.

Waya wa dishi na antena una uzi wa shaba katikati, plastiki inayouzunguka, kisha ngao ya karatasi ya chuma na nyuzi zilizosukwa, na ganda la nje. Ngao hiyo huzuia mawimbi ya ndani yasitoke na ya nje yasiingie. Ikikatika, ikishika kutu au ikikosa kugusana na kiungo, mlango hufunguka pande zote mbili.

Mawimbi yanayoshuka kutoka kwenye dishi huwa kati ya megahezi 950 na 2150. Masafa ya simu za mkononi ya 1800 yamo humo humo, hivyo simu au mnara wa jirani huweza kuingilia baadhi ya chaneli. Enzi za analojia, chenga zilitoa taarifa mapema. Tangu nchi yetu ilipoanza kuzima mitambo hiyo tarehe 31 Desemba 2012, picha hubaki safi mpaka kasoro izidi kiwango, kisha hukatika ghafla.

Kwa upande wa pili, busta ya antena iliyoharibika huweza kurusha mawimbi nje na kuvuruga redio na televisheni za majirani. Masafa ya megahezi 108 hadi 137 hutumiwa na ndege, kwa hiyo uvujaji huo si jambo la nyumba moja tu.

Uchunguzi ufanyike hivi:

1. Fuata waya wote kwa macho. Tafuta mikunjo mikali, meno ya panya, ganda lililopasuka kwa jua na maungio yaliyofungwa kwa gundi ya karatasi.

2. Fungua menyu ya king'amuzi yenye vipimo vya nguvu na ubora. Mtu mmoja atazame, mwingine atikise kila kiungo taratibu. Vipimo vikiyumba, kasoro ipo hapo.

3. Piga simu ukiwa karibu na kiungo. Ubora ukishuka wakati simu inaita, hiyo ni dalili ya ngao iliyolegea.

4. Kwenye nyumba yenye busta, weka redio ndogo ya FM mahali pasipo na stesheni, uisogeze kando ya waya. Mvumo ukiongezeka, zima busta. Ukikoma, chanzo kimepatikana. Redio kukaa kimya si uthibitisho wa usalama, kwani FM huishia megahezi 108.

Kabla ya kufungua kiungo chochote, chomoa king'amuzi kwenye umeme, kwa sababu waya huo hupeleka volti 13 au 18 kwenye dishi. Kata sehemu iliyoharibika na ufunge kiungo kipya cha kukaza. Unyuzi hata mmoja wa ngao usiguse shaba ya katikati. Maungio ya nje yafunikwe yasiingie maji, na waya ulegezwe kidogo chini ya tundu la ukuta ili matone yaangukie nje. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mvua za Novemba. Radi inaponguruma, usiguse waya wala usipande juu ya paa.

Iwapo mwingiliano unatoka kwa jirani, anzeni kwa kuzungumza na kuchunguza pamoja. Usipokwisha, taarifa ipelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo ndiyo inayosimamia masafa nchini. Kiungo kimoja kilichofungwa vizuri hugharimu kidogo kuliko king'amuzi kipya, na hulinda ujirani.